Mbwa Mwenye Kongosho Dhaifu na Mkono Wenye Huruma

Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja akaaye Muyinga, ambaye mume wake ni askari aliyepangiwa kazi Gitega. Anaeleza kwamba wakati baba watoto yuko kazini, mlinzi wa nyumba ni mbwa wao, dume la kienyeji mwenye umri wa miaka sita na uzito wa kilo 15 hivi. Katika muda wa mwaka mmoja mbwa huyo ameugua mara mbili kwa namna ile ile: hukataa chakula, hutapika, hujikunja, na akiguswa tumbo hulia. Mara ya pili daktari wa mifugo alisema kuwa kongosho limevimba. Akamtundikia maji ya mshipani, akampa dawa ya maumivu, na akaonya kwamba ugonjwa huo una tabia ya kurudi. Fedha zilizotumika ndizo zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya madaftari na sare za watoto.

"Sasa nauliza," anaandika mama huyo, "mbwa wa namna hii alishwe nini katika nyumba isiyonunua chakula cha makopo? Na akiugua mara ya tatu, nichague mbwa au nichague shule?"

Swali hili ni zito, na si la nyumba moja tu. Jamaa nyingi za askari na polisi huishi mbali na baba wa nyumba, na mbwa ndiye anayekesha mlangoni. Basi tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza tukijue kiungo chenyewe. Kongosho ni kiungo laini, chembamba, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula na karibu na mwanzo wa utumbo. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa majimaji yenye vimeng'enya, ambavyo huyeyusha nyama, wanga na mafuta. Ya pili ni kutoa homoni ya insulini, ambayo hutawala sukari katika damu. Katika mwili wenye afya vimeng'enya hivyo hutoka vikiwa vimelala, na huamka vikifika katika utumbo. Ugonjwa tunaouzungumzia huanza pale vinapoamka mapema, vingali ndani ya kongosho lenyewe. Hapo huanza kulila kongosho badala ya kula chakula. Ndiyo maana maumivu yake ni makali, na mbwa aliyezoea kuvumilia mateke na mawe hulia kama mtoto.

Habari nyingi tulizo nazo juu ya kiungo hiki tulifundishwa na mbwa. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, mabwana Minkowski na von Mering walimwondolea mbwa kongosho lake, wakaona kwamba amepata ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, mabwana Banting na Best walitoa insulini katika makongosho ya mbwa, na mwaka uliofuata dawa hiyo ikaanza kuokoa maisha ya watu. Kila mgonjwa wa kisukari anayejidunga sindano leo, awe Gitega au penginepo, ana deni kwa mnyama huyu. Basi tusione aibu kukaa kitako na kufikiri juu ya bakuli lake.

Nini huliudhi kongosho? Mara nyingi daktari haoni sababu moja iliyo wazi. Lakini yapo mambo yanayojulikana kuongeza hatari: mlo mmoja wenye mafuta mengi, hasa kwa mbwa asiyeuzoea, kula takataka za jalalani, na unene. Aidha, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe unaweza kuliumiza kongosho, kwa hiyo kumwogesha mbwa dawa ya kupe ni sehemu ya matunzo haya. Na mbwa aliyekwisha kuugua mara moja huwa mwepesi wa kuugua tena.

Dalili ni zile alizozieleza mama wa Muyinga, na nyingine mbili za kuangalia. Mbwa anaweza kuinamisha kifua mpaka chini huku akiinua makalio juu, akakaa hivyo kwa muda ili kulipumzisha tumbo. Pia anaweza kuharisha na kulegea hata ufizi wake ukauke. Akitapika zaidi ya mara mbili tatu kwa siku, asipobakiza hata maji, au ufizi ukiwa mweupe, msingojee asubuhi: mpelekeni kwa daktari.

Hapa tunatoa tahadhari kwa kila nyumba. Mbwa anayekataa chakula na kudondosha mate anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, maradhi ambayo yangali yapo katika nchi zetu. Kwa hiyo mtu yeyote asimtie mkono kinywani kutafuta mfupa uliokwama, na watoto waondolewe karibu. Ikiwa amemwuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Mbwa wa ulinzi sharti awe amechanjwa.

Jambo jingine: msimpe dawa za maumivu za binadamu. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli zinaweza kumdhuru mbwa vibaya kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari wa mifugo.

Zamani wagonjwa wa kongosho walifungishwa kwa siku mbili, tatu, hata nne, kwa fikira kwamba kongosho lisilopewa kazi litapumzika. Siku hizi madaktari wameona kwamba njaa ndefu huudhoofisha utumbo na kuchelewesha nafuu. Kwa hiyo, mara kutapika kunapotulizwa, mbwa huanza kupewa chakula laini kisicho na mafuta, vijiko vichache kila baada ya saa chache. Maji safi awe nayo, lakini kidogo kidogo, asiyagugumie kwa pupa akayatapika.

Sasa tufike katika jambo lenyewe, yaani mlo wa kila siku baada ya mbwa kupona. Kanuni ni moja tu: mafuta yawe machache, leo, kesho na siku zote. Kwa kipimo, madaktari wengi hupendelea kwamba katika kila kilokalori 1000 za chakula, mafuta yasizidi gramu 20 hivi. Mbwa wa kilo 15 anayelinda nyumba huhitaji kilokalori 800 hivi kwa siku. Basi posho yake ya mafuta kwa siku nzima ni gramu 16 tu.

Tazameni sasa posho hiyo ilivyo ndogo. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina gramu 14 za mafuta. Konzi ya karanga yenye uzito wa gramu 30 ina mafuta kiasi hicho hicho. Parachichi moja la wastani lina mafuta kupita posho yote ya siku. Ikiwa mbwa amelamba sufuria ya maharage yaliyoungwa kwa mawese, akaramba na chungu cha sombe iliyotiwa karanga, kisha akaokota parachichi lililoanguka chini ya mti, amekwisha kula mafuta ya siku tatu kabla hajapewa chakula chake. Na hakuna mtu nyumbani atakayesema kwamba mbwa amekula kitu! Haba na haba hujaza kibaba.

Basi apewe nini? Vyakula vinavyofaa vinapatikana katika masoko ya Muyinga na Gitega pasipo kuagiza kopo lolote. Kwa mbwa wa kilo 15, mlo wa siku nzima unaweza kuwa hivi:

Nyama isiyo na mafuta, robo kilo ikiwa mbichi. Iwe kidari cha kuku kilichoondolewa ngozi, au nyama ya mbuzi au ya ng'ombe iliyokatwa shahamu yote. Ichemshwe kwa maji matupu, wala isikaangwe.

Wali mweupe uliopikwa pasipo mafuta wala chumvi, vikombe viwili, yaani gramu 350 hivi. Mahali pa wali unaweza kuweka viazi vitamu vilivyochemshwa na kumenywa, ukaongeza kidogo, maana viazi vina maji mengi kuliko wali.

Boga au karoti iliyochemshwa na kupondwa, vijiko vitatu au vinne.

Nyumba isiyoweza kununua robo kilo ya nyama kila siku isikate tamaa. Nyama ipunguzwe iwe nusu yake, na pengo lizibwe kwa kikombe nusu cha maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakachemshwa mpaka yakalainika kabisa, yakapondwa, pasipo mawese na pasipo kitunguu. Wali uongezwe kidogo. Maharage yaanzishwe polepole, kijiko kimoja kimoja, kwa kuwa huleta gesi tumboni. Ute mweupe wa yai uliochemshwa nao ni chakula kizuri, kwani karibu mafuta yote ya yai yamo katika kiini cha njano. Watoto wale kiini, mbwa apewe ute.

Mchuzi wa nyama unaweza kutiwa juu ya wali ili kuamsha hamu ya mgonjwa, lakini kwanza uondolewe mafuta. Katika nchi yetu ya milima hili ni jepesi. Acha mchuzi katika chungu kilichofunikwa mpaka asubuhi. Baridi ya usiku huyagandisha mafuta ya mbuzi na ya ng'ombe juu ya mchuzi, nawe utayaondoa kwa kijiko kama unavyoondoa utando wa maziwa.

Chakula hicho kigawanywe mara tatu au nne kwa siku. Shibe moja kubwa ya usiku hulishtua kongosho, lakini sehemu ndogo ndogo hulipa kazi ya wastani. Sehemu moja itolewe alfajiri, moja mchana na moja jioni kabla ya kufungua mlango wa ua. Ikiwa mbwa alikuwa amezoea chakula kingine, abadilishiwe taratibu katika muda wa siku tano hadi saba.

Mlo wa nyumbani una upungufu wake, nasi hatuufichi. Nyama na wali havina chokaa ya kutosha kwa mifupa. Mbwa mzima wa uzito tuliousema anaweza kupewa nusu kijiko cha chai cha ganda la yai kila siku. Ganda hilo lichemshwe, likaushwe, na lisagwe mpaka liwe laini kama unga. Hata hivyo baada ya wiki kadhaa mbwa atahitaji madini na vitamini nyingine pia. Kwa hiyo mwulizeni daktari wa mifugo ni unga gani wa vitamini unaopatikana kwenu, tena usio na mafuta.

Orodha ya vilivyokatazwa ni hii, na ingefaa ibandikwe jikoni: mawese na mafuta yote ya kukaangia, karanga, parachichi, ngozi ya kuku, shahamu ya mbuzi, ya ng'ombe na ya nguruwe, mishikaki, ndagala waliokaangwa, maandazi na sambusa, mabaki ya mchuzi. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa yeyote, hata asiye na kongosho dhaifu. Mifupa iliyopikwa hupasuka kama vioo na kuchoma utumbo. Na muhogo mbichi usiachwe mahali anapoweza kuufikia.

Jalala la nyumba lifukiwe au lizungushiwe uzio. Maparachichi yaokotwe kila asubuhi kabla mbwa hajafunguliwa. Watoto wanaweza kupewa kazi hiyo. Na unene uchunguzwe: mkipitisha vidole ubavuni mnapaswa kuzihisi mbavu pasipo kubonyeza. Kila baada ya wiki mbili mtu mzima apande juu ya mizani akiwa amembeba mbwa, kisha apande peke yake, na tofauti iandikwe katika daftari. Ikiwa mbwa anakonda huku anakula kwa pupa, na choo chake ni kingi, kimepauka na chenye mafuta, huenda kongosho limeishiwa vimeng'enya. Ikiwa anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, huenda ni kisukari. Yote mawili ni ya kupelekwa kwa daktari.

Wapenzi wasomaji, mpaka hapa tumejibu nusu ya swali. Nusu ya pili imo katika mstari mmoja ambao mama wa Muyinga ameuandika kwa kupita tu. Anasema kwamba mara zote mbili mbwa aliugua "siku ya pili baada ya baba watoto kurudi Gitega." Yeye ameusema kama huzuni, akidhani pengine mbwa alimlilia bwana wake. Sisi tuliusoma mara mbili, kisha tukatazama kule juu alikoeleza jinsi baba anavyopokelewa. Huja kwa basi kupitia Karuzi, mara moja kwa mwezi. Huchinjwa mbuzi au kuku. Watoto hufurahi, na mbwa hufurahi kuliko wote. Na baba, akiwa ameketi kitini, humkatia vipande vya shahamu na ngozi, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa anajua ni nani aliyekesha nyumbani kwake siku thelathini.

Mpendwa mama, hatusemi kwamba tumekwisha kuthibitisha. Lakini siku mbili baada ya karamu ya mafuta ni wakati ambao ugonjwa huu hupenda kujitokeza. Na mwenye mkono ule hajapata kuyaona matokeo yake, maana dalili zinapoanza yeye yuko njiani, au tayari yuko lindoni Gitega. Anayemwona mbwa akijikunja usiku ni wewe peke yako. Kwa hiyo mwambie, wala usimwambie kama mashtaka. Mwandikie siku aliyoondoka na siku mbwa alipoanza kutapika, mara ya kwanza na mara ya pili, umpe daftari alisome mwenyewe. Askari huheshimu ripoti yenye tarehe.

Na wewe Ndugu uliyeko Gitega, ambaye gazeti hili hukufikia kambini, ruhusu tuseme nawe maneno machache. Hakuna mtu anayekulaumu kwa kumshukuru mlinzi wako. Lakini unajua kwamba lindo lenye makamanda wawili halilindiki, na wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika nyumba yako bakuli la mbwa liwe na kamanda mmoja, naye ni mama wa nyumba. Anachopima yeye ndicho kinacholiwa. Watoto wasirushe tonge chini ya meza, wageni waombwe kutotupa mifupa, na mwenye nyumba awe wa kwanza kutii. Sheria hii ikazwe zaidi siku za Idi, za Krismasi, za Mwaka Mpya na za Julai 1, kwa kuwa siku hizo nyama ni nyingi na macho ni machache.

Utampa nini basi, ikiwa hutampa shahamu? Mpe matembezi. Jioni ile ile ya kufika, mshike kamba mkazunguke mtaa wote, polepole, ukimsemesha. Mbwa hahesabu vipande vya mafuta, huhesabu muda uliokaa naye. Matembezi pia humpunguzia unene, na unene tumeuona kuwa miongoni mwa adui zake. Na ikiwa mkono wako hauwezi kurudi mtupu kutoka Gitega, nunua robo kilo ya nyama safi isiyo na mafuta, umkabidhi mama aipime.

Sasa turudi kwa mama na swali lake la mwisho, kwamba achague mbwa au achague shule. Hatuwezi kumwahidi kwamba mbwa hataugua tena, maana ugonjwa huu hurudi wakati mwingine hata kwa mbwa aliyetunzwa vyema. Lakini tunaweza kumwambia lililo katika uwezo wake. Tenga akiba ndogo kila mwezi kwa ajili ya daktari wa mifugo, katika mfuko ulio mbali na fedha za shule, ili siku ya dharura mfuko mmoja usiule mwingine. Fuata mlo huu kwa miezi mitatu, ukiandika uzito na siku mbaya ikiwa zipo. Kisha tuandikie tena. Tungependa hasa kusikia habari za siku ya pili baada ya baba watoto kurudi Gitega.